Bure na Huru: Tafakuri Juu ya Linux na Shule Zetu

Kiswahili kimejaliwa bahati ambayo Kiingereza hakikuipata. Sisi tunalo neno bure na tunalo neno huru, na hata mtoto wa darasa la pili hayachanganyi. Chakula cha msibani ni cha bure. Mtumwa aliyeachiliwa ni mtu huru. Waingereza hutumia neno moja kwa mambo yote mawili, na kwa sababu hiyo Mmarekani Richard Stallman, tangu alipoutangaza mradi wake wa GNU mwezi Septemba 1983, amelazimika kuwaeleza watu mara kwa mara kwamba anapozitaja programu zake hazungumzii bei, anazungumzia uhuru. Laiti angalizaliwa Kilosa, asingalipata taabu hiyo.

Lakini kuwa na maneno mawili hakutusaidii ikiwa masikio yetu yanasikia moja tu. Tangu nistaafu ualimu na kutulia hapa Mikumi nimealikwa mara kadhaa katika vikao vya shule ambamo habari za kompyuta hujadiliwa, na kila inapotajwa Linux nimesikia ikisifiwa kwa sifa moja: ni ya bure. Nimeandika kurasa hizi kuipinga sifa hiyo. Si ya uongo, bali ni ndogo mno, nayo inatupofusha tusiione neema yenyewe wala tusiione gharama yake.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajazoea mambo haya, nieleze kwanza Linux ni kitu gani. Kila kompyuta ina programu moja inayoamka kabla ya nyingine zote na kuziamrisha hizo nyingine. Wataalamu huiita mfumo endeshi. Mimi huifananisha na mwalimu mkuu. Yeye hafundishi masomo yote, lakini asipokuwapo hakuna ratiba, vyumba vinagombaniwa, na boksi la chaki halijulikani liko kwa nani. Mfumo endeshi ulioenea zaidi katika kompyuta za mezani ni Windows ya kampuni ya Microsoft. Kompyuta ikinunuliwa dukani, mara nyingi mwalimu mkuu huyo amekwisha kuajiriwa, na mshahara wake umo ndani ya bei.

Linux ilianza mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland mwenye umri wa miaka 21, alipoandika kiini cha mfumo wake na kuwaalika wengine wakitazame. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni ya GNU, ile ya Stallman. Leseni hiyo inasema mambo manne kwa ufupi: tumia upendavyo, soma maelekezo ya asili ya programu, yaani msimbo wake, uirekebishe, umgawie mwenzio, na yeye awe na haki zilezile ulizopata wewe. Kiini hicho, pamoja na programu za GNU na nyingine nyingi, ndicho watu wanachokiita Linux. Hakiuzwi kwa sura moja. Yapo matoleo mengi, kama Debian iliyoanza mwaka 1993, na Ubuntu iliyotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, mwenye jina ambalo Mbantu yeyote hahitaji kutafsiriwa.

Wala tusidhani hiki ni kitu cha pembezoni. Simu za Android, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2008 na ambazo leo zimo mifukoni mwa vijana wa bodaboda hapa kituoni, zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Kompyuta kubwa 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017, zote zinaendeshwa kwa Linux. Kwa hiyo suala si kama chombo hiki kinafanya kazi, maana kinafanya. La kuuliza ni kama kinatufaa sisi, na kwa masharti gani.

Nianze na ubora wake. Nao wa kwanza kwa maoni yangu ni ruhusa.

Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuandika barua London kuomba kibali. Shakespeare alifariki mwaka 1616 na kazi zake ni mali ya watu wote. Mtu mwenye nia, mwenye Kiswahili chake, aliketi akafanya kazi, na lugha yetu ikathibitisha kwamba inaweza kubeba mzigo huo. Programu huria inatupa ruhusa ya namna ileile, na tena bila kusubiri mwandishi afe.

Ruhusa hiyo ilitumika. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palianzishwa mradi ulioitwa Kilinux, uliofanywa pamoja na washirika kutoka Sweden, na mwezi Desemba 2004 ukatoa Jambo OpenOffice. Hii ilikuwa programu ya ofisi, ya kuandikia barua na kupigia hesabu, ambayo orodha zake za amri na maelezo yake yalikuwa kwa Kiswahili. Iliweza kutumika katika Linux na katika Windows pia. OpenOffice yenyewe ilitokana na programu iliyofunguliwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2000, na kwa kuwa ilikuwa huria, wanachuo wetu hawakulazimika kumsubiri mtu.

Mwaka huohuo 2004 Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuziweka programu zake katika Kiswahili, na baadaye ikafanya hivyo. Sina sababu ya kuidharau kazi hiyo. Ila msomaji atazame tofauti. Katika njia ya kwanza uamuzi ulikuwa wetu. Katika njia ya pili uamuzi ulikuwa wa mwenye mali, aliyepima soko na kuona Kiswahili kina wateja wa kutosha. Kiswahili kina mamilioni ya wasemaji, kwa hiyo kilipimwa kikaonekana. Je, Kisagara na Kividunda, lugha za hapa wilayani Kilosa, zingepimwa zingeonekana? Lugha ndogo haina la kutumaini sokoni. Katika programu huria ina mlango ulio wazi, ikiwa atapatikana wa kuingia.

Ubora wa pili ni maisha marefu ya mashine. Shule nyingi za kwetu hupata kompyuta zilizokwisha kutumika mahali pengine. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho kwa Windows XP Aprili 2014, kwa Windows 7 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 iliyofuata haikubali kukaa rasmi katika mashine nyingi za zamani, hata kama mashine hizo bado ni nzima. Kwa mwenye fedha, jawabu ni kununua nyingine. Kwa shule iliyochangisha wazazi shilingi kwa shilingi, jawabu hilo ni mzaha. Matoleo mepesi ya Linux, kama Lubuntu, huiwezesha mashine ya namna hiyo kuendelea kufanya kazi na kupokea marekebisho ya usalama. Hapa napo tuseme kweli yote: si kila Linux ni nyepesi, na uvumilivu wake kwa vikongwe una kikomo. Debian, katika toleo lake la 13 la Agosti 2025, imeacha kutoa kisakinishi cha mashine za biti 32.

Ubora wa tatu ni kwamba kilicho wazi kinaweza kukaguliwa. Mwezi Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kwamba kuingia katika kompyuta aliyokuwa akiijaribu kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakuupuuza mchelewo huo. Alifuatilia, na kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi aliweza kufika hadi chini, akakuta kwamba katika programu ndogo iitwayo xz, inayotumiwa na matoleo mengi ya Linux, mtu alikuwa amepenyeza mlango wa siri. Ulizibwa kabla haujaenea. Jambo la kuchekesha ni kwamba Freund mwenyewe ni mwajiriwa wa Microsoft.

Lakini kisa hicho kina upande wa pili, nao unatuingiza katika udhaifu. Mlango ule ulipenyezwa kwa sababu programu hiyo, iliyotegemewa na dunia nzima, ilikuwa ikitunzwa hasa na mtu mmoja wa kujitolea, aliyekuwa amechoka. Akajitokeza msaidizi mwenye bidii, akaaminiwa pole pole, kumbe ndiye aliyekuwa mwizi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mali ya wote ikiachiwa mmoja, wengi huvuna na mmoja huvunjika mgongo.

Sasa nije kwenye udhaifu unaotugusa sisi moja kwa moja. Nitaeleza wa kwanza kwa kutumia reli, maana wilaya yetu imeusoma somo hilo kwa chuma.

Reli ya Kati ina upana wa milimita 1000 kati ya chuma na chuma. Tawi lake lilitoka Kilosa, likapita hapa Mikumi, hadi Kidatu. Hapo Kidatu likakutana na TAZARA, ambayo ilijengwa kwa upana wa milimita 1067 ili ilingane na reli ya Zambia. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya urefu wa kidole. Hata hivyo hakuna behewa lililoweza kuivuka tofauti hiyo. Mzigo ulipaswa kushushwa na kupakiwa upya, na mwaka 1998 kikajengwa pale kituo maalumu cha kazi hiyo. Tangu mwaka 2024 treni za reli mpya ya kisasa, yenye upana wa milimita 1435, nazo zinapita Kilosa. Kwa hiyo sisi watu wa huku tunajua: reli inaweza kuwa bora kabisa, lakini kama jirani yako amejenga kwa kipimo kingine, utashusha mizigo kila siku.

Hivyo ndivyo yalivyo majalada ya kompyuta. LibreOffice, ambayo ilijitenga na OpenOffice mwaka 2010, huhifadhi maandishi kwa muundo ambao ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Microsoft ina muundo wake, nao ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. Vipimo viwili, vyote halali. Mwalimu anaandaa mtihani katika Linux, anaupeleka kwenye duka la kuchapisha lenye Windows, na jedwali linahama, picha ya moyo wa chura inakwenda ukurasa wa pili, na maswali yanabadilika namba. Kwa mwalimu wa hisabati haya ni maafa, si usumbufu mdogo. Atalaumu Linux, na kwa haki ya siku ile atakuwa na sababu, ingawa aliyejenga reli nyingine ndiye mwenye nusu ya lawama.

Wala hili si tatizo la maskini peke yao. Mji wa Munich nchini Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia mwaka 2013 ulikuwa umehamisha takriban kompyuta 15,000. Mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows. Mambo mengi yalichangia, siasa ikiwemo, lakini manung'uniko ya wafanyakazi juu ya majalada yasiyolingana yalisikika miaka yote. Kama mji wenye fedha na mafundi wake uliyumba, sembuse shule yenye umeme wa kukatikakatika?

Udhaifu wa pili ni kwamba bure hii hupakuliwa kwa fedha. Hadi mwaka 2011 kampuni inayosimamia Ubuntu ilikuwa ikituma sidii kwa posta kwa yeyote aliyeomba, bila malipo. Utaratibu huo umekwisha. Faili la kusakinishia Ubuntu siku hizi linazidi gigabaiti 5, na masahihisho yake huja wiki baada ya wiki. Anayeishi kwa vifurushi vya simu anajua maana ya hesabu hiyo.

Udhaifu wa tatu ndio mkubwa, nao hauko ndani ya Linux. Uko kwetu. Turudi kwenye Jambo OpenOffice. Ilipotoka ilikuwa toleo la 1.1.3. Miezi kumi tu baadaye, Oktoba 2005, OpenOffice 2.0 ikatoka ikiwa na amri mpya na maneno mapya. Tafsiri ya programu haifanani na tafsiri ya Juliasi Kaizari, ambaye hataongeza mistari tena. Programu ni kama bustani: ukipalilia mara moja ukaondoka, magugu yanarudi. Mradi una mwanzo na mwisho, una bajeti na ripoti. Bustani haina mwisho. Mimi nimeingia katika ofisi nyingi tangu miaka ile, za serikali, za dini na za watu binafsi, wala sijaikuta Jambo hata mezani pa mmoja.

Hapa sharti nitaje pia suala la istilahi. Watu waliozoea amri za Kiingereza, walipokutana na maneno mapya ya Kiswahili, waliyaona mageni kuliko Kiingereza chenyewe. Wengine waling'ang'ania kompyuta, wengine tarakilishi. Wasomi walibishana, na mwandishi wa barua pale dukani akaendelea na kazi yake kwa lugha aliyofundishwa. Neno halizaliwi kwa kuandikwa katika kamusi. Huzaliwa darasani, likitamkwa na mwalimu na kurudiwa na watoto. Programu ya Kiswahili bila darasa la Kiswahili la kompyuta ni mtumbwi usio na maji.

Niliwahi kuitembelea sekondari moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa imepewa kompyuta kumi na mbili zenye Linux. Wafadhili waliziweka vizuri, wakamfundisha mwalimu mmoja kijana, wakapiga picha, wakaondoka. Kwa mwaka mmoja na nusu mambo yalikwenda. Kisha yule kijana akahamishwa. Nywila alikuwa nayo yeye kichwani, wala haikuandikwa mahali. Nilipofika nilikuta mashine zote zimefunikwa kitenge, safi, hazina vumbi, mtunza stoo akizipangusa kila Ijumaa kama makaburi. Mkuu wa shule akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hizi za bure hazidumu."

Nilimwelewa, lakini sikubaliani naye. Mashine hazikuwa na kosa. Leseni iliwapa walimu wote wa shule ile haki ya kusoma, kurekebisha na kugawa. Lakini haki ile alipewa mmoja, akaondoka nayo kwa basi la asubuhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Msomaji asifikiri ninahukumu kwamba programu huria haiwezi kustawi Tanzania. Upo ushahidi wa kinyume, tena katika wizara yetu wenyewe. Takwimu za vituo vya afya nchini hukusanywa kwa mfumo uitwao DHIS2. Huo ni programu huria. Mizizi yake ilianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, ukalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa mshiriki katika kuuendeleza na kuwafunza watu. Kwa nini huu ulishika na ule ukalegea? Si kwa sababu ya ubora wa msimbo. Ulikuwa na kazi inayoulizwa kila mwezi, una watu wa kuutunza walioandaliwa hapahapa, na mmoja akiondoka mwingine anajua funguo ziko wapi.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotuandikia juu ya Elimu ya Kujitegemea, wengi wetu tuliielewa kuwa jembe na shamba la shule. Jembe lilikuwa sehemu tu. Shabaha ilikuwa mtu asiyeogopa kukifungua kitu na kukiuliza kinafanyaje kazi. Kwa kipimo hicho, sijaona chombo cha kompyuta kinachostahili kuingia katika vyuo vyetu vya ualimu na vya ufundi kuliko Linux. Sisemi hivyo kwa ajili ya kuokoa fedha, maana fedha itakayookolewa katika leseni itakwenda katika mafunzo, na isipokwenda huko basi hakuna kilichookolewa. Nasema hivyo kwa sababu ni mwalimu mkuu wa mashine anayekubali kuulizwa maswali na wanafunzi wake. Yule mwingine hujifungia ofisini.

Lakini nisiposema masharti nitakuwa nimewadanganya vijana. Shule isiyoweza kuandaa walimu wawili, siyo mmoja, na kikundi cha wanafunzi nyuma yao, ambao mwaka hadi mwaka watawarithisha wadogo zao, isiipokee. Shule isiyo na daftari la nywila lililofungiwa kabatini isiipokee. Shule isiyokubaliana mapema na duka la kuchapisha juu ya muundo wa majalada itashusha mizigo Kidatu kila muhula. Na chuo kinachotaka Kiswahili kikae ndani ya mashine hakina budi kuifanya tafsiri kuwa zoezi la kila mwaka, wanachuo wakisahihisha na kuongeza, kama tunavyosahihisha insha.

Mtegemea cha ndugu hufa maskini, hata kama ndugu huyo ni mkarimu na hadai kitu. Tutakapokaa tena katika vikao vya shule, na mtu akasimama kusema Linux ni ya bure, ningependa aulizwe swali moja tu kabla hajaketi: nani atakayeitengeneza ikiharibika, na je, mtu huyo anaishi hapa?